Mtoto akiuliza: ‘Muhunda yupo kweli?’

Mtoto wa siku hizi anaujua msitu wa maajabu kabla hajaingia msitu wowote. Ameuona kwenye katuni na kwenye michezo ya simu. Miti inaongea, wanyama wanageuka watu, na katikati ya kiza kuna mlinzi asiyeonekana ambaye humwadhibu yeyote anayekata tawi bila ruhusa. Anasimulia hayo jikoni kwa macho makubwa, na mzazi anaitikia "ehee" huku akisonga ugali.

Kwa familia za Butiama, Musoma na Bunda, msitu wa namna hiyo hauhitaji bando. Upo Butiama, eneo la Mwitongo, palepale yalipo makazi, kaburi na makumbusho ya Mwalimu Julius Nyerere. Unaitwa Muhunda. Kwa simulizi za Wazanaki, Muhunda ni jina la msitu na pia ni jina la mzimu unaoishi humo na kuwalinda watu wa Butiama. Husimuliwa kwamba hujitokeza kwa umbo la mnyama, mara nyani mkubwa kupita kawaida, mara chui. Kwa sababu hiyo msitu ule haukatwi ovyo, na wanaoingia kwa shughuli za mila ni wazee wenye dhamana hiyo.

Siku moja mtoto atayasikia haya, kwa bibi yake, shuleni au kwa wenzake wanaochunga mbuzi. Atarudi nyumbani na swali: "Mama, Muhunda yupo kweli?"

Jibu atakalopewa lina uzito kuliko linavyoonekana. Miti ile imelindwa kwa vizazi na maneno ya wazazi kwa watoto wao. Maneno hayo yakikatika, kinachobaki ni kuni zilizo karibu na nyumba.

Majibu matatu yaliyozoeleka

La kwanza ni kutisha. "Ukienda kule utapotea, hutarudi." Jibu hili linafanya kazi haraka, na kwa mtoto wa miaka minne lina faida yake. Shida ni kwamba woga una umri. Mtoto huyo akifika miaka 14, atakwenda na wenzake kujaribu. Wakirudi salama, atahitimisha kwamba wazee walikuwa wanadanganya, na pengine walidanganya na mengine.

La pili ni kucheka. "Hizo ni hadithi za zamani, wewe soma vitabu vyako." Mzazi anadhani amemkomboa mtoto kutoka kwenye giza, kumbe amemwambia kwamba bibi yake hakuwa na akili na kwamba msitu ule hauna maana. Mtoto aliyeambiwa hakuna kitu mle ndani hana sababu ya kuuacha mti usimame.

La tatu ni kunyamazisha. "Hayo ni mambo ya mizimu, hapa nyumbani tunasali." Mzazi ana haki ya kulinda imani ya nyumba yake. Lakini mtoto aliyenyamazishwa hujibiwa na mwingine, na mara nyingi mwingine huyo ni mtoto mwenzake.

Majibu haya matatu yana kasoro moja inayofanana. Hakuna hata moja linalomweleza mtoto msitu ule unafanya kazi gani.

Mwiko ulifanya kazi gani

Simulizi ya msitu wenye mwenyewe haiko Butiama pekee. Katika pwani ya Kenya, Wamijikenda wana misitu yao inayoitwa kaya, ambayo zamani ilikuwa na vijiji vyenye ngome ndani yake. Vijiji hivyo vilihamwa hadi kufikia miaka ya 1940, lakini misitu ilibaki kuwa mahali pa mababu na ikaendelea kulindwa kwa miiko. Mwaka 2008 UNESCO iliingiza misitu kadhaa ya kaya katika orodha ya Urithi wa Dunia. Nje ya misitu ile, sehemu kubwa ya msitu wa asili wa pwani imegeuka mashamba na makazi. Ndani yake mimea na wanyama wa zamani bado wapo, na kwa muda mrefu kilichowalinda kilikuwa heshima ya watu tu.

Kisa kinachomgusa mzazi zaidi ni cha Wangari Maathai, Mkenya aliyepata Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004. Katika kitabu cha maisha yake alisimulia utoto wake huko Nyeri. Mama yake alimtuma kuni, lakini alimkataza kugusa mugumo uliokuwa karibu na kwao, hata vijiti vyake vikavu, kwa kuwa ulikuwa mti wa Mungu. Jirani na mti huo palikuwa na kijito alichochota maji na kuchezea mayai ya chura akidhani ni shanga za kuvaa. Alipokuja kurudi akiwa mtu mzima, mti ulikuwa umekatwa na kijito kimekauka. Hapo ndipo alipounganisha mambo. Mizizi mirefu ya mugumo ilikuwa imeshikilia udongo wa mteremko na kusaidia maji kupata njia. Mwiko wa mama yake ulikuwa unalinda kijito.

Kisa hiki kina funzo kwa mzazi. Katazo la mama lilimfaa Wangari alipokuwa mdogo, lakini sababu yake aliigundua baada ya mti kuondoka. Mtoto wa leo anaweza kupewa vyote viwili, katazo na sababu, wakati mti bado umesimama.

Maajabu ambayo mtoto anaweza kuyaona

Mzazi akitaka kushindana na katuni, hana haja ya kutunga. Maisha ya miti na wanyama wa Mara yana mambo ya kutosha kumkesha mtoto.

Aanze na wanyama wanaoongea. Tumbili, ambao watoto wa Mara wanawajua kwa wizi wa mahindi, wana milio tofauti kwa maadui tofauti. Watafiti waliofanya kazi Amboseli nchini Kenya walirekodi milio hiyo, wakaficha spika vichakani na kuwachezea tumbili sauti za wenzao wakati hapakuwa na adui yeyote. Matokeo yalichapishwa mwaka 1980. Wakisikia mlio wa chui, tumbili walikimbilia juu ya miti. Wakisikia mlio wa tai, walitazama angani au kuingia vichakani. Wakisikia mlio wa nyoka, walisimama kwa miguu miwili na kukagua majani.

Sehemu inayowahusu wazazi ni hii. Tumbili wadogo hukosea. Mtoto wa tumbili anaweza kupiga mlio wa tai kwa ndege asiye na madhara, au hata kwa jani linaloanguka. Wakubwa hutazama juu, wakiona hakuna hatari huendelea kula. Akipatia kweli, nao hupiga mlio uleule. Mtoto hujifunza hivyo, kwa kutazama wakubwa wanafanya nini. Kama wakubwa wangepiga mlio wa chui kwa kila jani, watoto wasingejua chui ni yupi.

Kisha mkuyu. Kuyu moja linaonekana kama tunda la kawaida, lakini ndani yake kuna maua mengi madogo yaliyofungiwa. Nyigu mdogo kama mbegu ya ufuta hupenya kwenye tundu lake, huyachavusha maua, hutaga mayai na kufia humohumo. Watoto wake wakikua, majike hutoka na chavua mwilini na kutafuta kuyu jingine. Mkuyu hauwezi kutoa mbegu bila nyigu wake, na nyigu hana pengine pa kuzaa. Tumbili, nyani, popo na ndege hula makuyu, kisha hudondosha mbegu mbali pamoja na kinyesi chao. Hao ndio wapanda miti wa msituni. Mtu akikata mkuyu mmoja mkubwa, anafunga jiko lililokuwa linalisha ukoo mzima wa wanyama.

Chini ya miti kuna wakulima wengine. Kila mtoto wa Mara anawajua kumbikumbi wanaotoka ardhini baada ya mvua na kukaangwa kwa chumvi. Ni wachache wanaojua kwamba baadhi ya mchwa wanaojenga vichuguu vikubwa hulima. Hukusanya majani na miti mikavu, huyatafuna, hujenga bustani chini ya ardhi na kuotesha kuvu wanayoila. Uyoga mtamu unaochipuka kwenye kichuguu msimu wa mvua hutoka kwenye bustani hiyo. Wakichimba, mchwa hawa hutengeneza njia za maji na hewa kwenye udongo. Mti ulioanguka msituni haujaharibika. Unarudishwa ardhini kipande kwa kipande, na mti mwingine utaulia hapo.

Na wale wawili wa kwenye simulizi, nyani na chui? Chui huwinda nyani. Mahali ambapo chui na simba wametoweka, nyani wanaweza kuongezeka na kuwa tabu kwa mashamba, kama ilivyoonekana nchini Ghana. Mkulima anayemwona chui ni hasara tupu anaweza kuja kuhesabu hasara nyingine kwenye mahindi yake. Simulizi ya Wazanaki imewaweka wote wawili kwenye kiti kimoja cha mlinzi. Mtoto anaweza kuulizwa anadhani ni kwa nini, kisha aachwe afikiri.

Majina yenye mvua na viwavi

Njia nyingine ya kumfikisha mtoto msituni ni majina anayoyasikia kila siku. Mwalimu alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922, na jina alilopewa, Kambarage, ni la mzimu wa mvua. Baba yake, Mtemi Burito, aliitwa Nyerere kwa sababu alizaliwa wakati viwavi wameshambulia nchi. Nyerere ni jina la viwavi hao kwa Kizanaki.

Kwa hiyo katika jina moja ambalo kila mwanafunzi wa Tanzania amelikariri, kuna mvua na kuna wadudu wanaokula mazao. Wazazi wa zamani waliandika habari za mwaka kwenye majina ya watoto wao: mwaka wa mvua, mwaka wa njaa, mwaka wa viwavi. Mtoto akijua hilo, atauliza jina lake lina habari gani, na mzazi ajiandae kujibu.

Kwa nyumba za dini

Wapo wazazi wanaosita hapa, na kusita kwao kuna msingi. Hawataki mtoto aogope mizimu wala aiombe. Historia ya Mwitongo yenyewe inaweza kuwasaidia. Mwalimu alibatizwa mwaka 1943 akaitwa Julius, na akabaki Mkatoliki hadi alipofariki mwaka 1999. Hata hivyo hakulitupa jina la Kambarage. Alilibeba Ikulu, na limeandikwa kwenye shule na mitaa ya nchi nzima.

Mzazi Mkristo au Mwislamu anaweza kumwambia mwanawe bila kuivunja imani yake: "Wazee wetu waliamini msitu huu una mlinzi. Sisi tunaamini Mungu ndiye aliyeuumba, na ametukabidhi tuutunze. Kwa njia zote mbili, panga halina kazi mle." Mtoto anaelewa. Anajua tayari kwamba mtu huvua viatu msikitini na hunyamaza kanisani, na pia huinamisha kichwa kwenye kaburi la mtu asiye wa ukoo wake. Kuheshimu mahali pa wengine si kuabudu walichoabudu.

Suala la kuni

Mazungumzo haya hayatakuwa ya kweli kama yatakwepa jiko. Familia nyingi za vijijini mkoani Mara hupika kwa kuni au mkaa, na kazi ya kuzitafuta huangukia akina mama na watoto, hasa wasichana. Mtoto anayeambiwa asiguse msitu halafu akatumwa kuni bila kuambiwa azitoe wapi, amefundishwa unafiki.

Kwa hiyo ulinzi wa Muhunda, na wa kila kichaka cha mila kilichobaki, huanzia kwenye mpaka wa shamba la nyumbani. Miti michache ya kuni ikipandwa hapo leo itaanza kupunguza safari za msichana baada ya miaka kadhaa. Jiko banifu la udongo hutumia kuni chache kuliko mafiga matatu. Wasukuma wa Shinyanga wana ngitili, maeneo ya malisho na miti yanayofungwa kwa msimu ili yapumzike. Utaratibu huo wa wazee ulikuwa umefifia, ukafufuliwa na mradi wa hifadhi ya ardhi ulioanza mwaka 1986, na maeneo mengi yaliyokuwa yamekauka yakaota miti tena. Familia zilipata kuni, dawa, asali na majani ya mifugo. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 nayo inavipa vijiji nafasi ya kutenga na kusimamia misitu yao. Mzazi anayehudhuria mkutano wa kijiji anaweza kuliuliza hilo.

Jinsi ya kuzungumza kwa umri

Kwa mtoto wa miaka mitatu hadi sita, simulizi inatosha. Asimuliwe kwamba msitu una mwenyewe, kwamba miti ni nyumba za wanyama, na kwamba mtu haingii nyumba ya mwenzake bila hodi. Asitishwe kwa kifo. "Haingiwi bila mkubwa" ni katazo linaloeleweka, na ni la kweli.

Kwa wa miaka saba hadi kumi na miwili, simulizi iambatane na kazi ya macho. Mzazi na mtoto wachague mti mmoja karibu na nyumbani, wauangalie kwa mwezi mzima. Nani hula matunda yake? Nani hulala humo? Ardhi ya chini yake ina unyevu kuliko ya uwanjani? Simu inayotumika kwa michezo inaweza kupiga picha ya mti huohuo kila Jumamosi, na mtoto akaona mwenyewe kilichobadilika.

Kwa kijana wa miaka 13 na kuendelea, aambiwe ukweli wote. Kwamba wapo wanaoamini mzimu na wapo wasioamini, kwamba mwiko ulilinda miti kwa muda mrefu, na kwamba zamu ya kulinda inamjia yeye. Apelekwe kwa mzee anayezijua habari hizo, akae asikilize na aandike. Makumbusho ya Mwalimu Nyerere pale Mwitongo ni mahali pazuri pa kuanzia. Msituni kwenyewe aingie kwa ruhusa na kwa kuongozwa na wenyeji tu.

Usalama nao ufundishwe bila mizungu. Mtoto avae viatu vilivyofunika mguu, asitie mkono kwenye shimo wala chini ya jiwe, na asiwarushie tumbili chakula, kwa kuwa tumbili aliyezoeshwa kulishwa hufika mahali akanyang'anya na kung'ata. Aking'atwa na mnyama yeyote wa porini, au na mbwa, kidonda kioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo, kwa sababu ya hatari ya kichaa cha mbwa. Akiumwa na nyoka, asichanjwe wala asifungwe kamba. Atulizwe na kuwahishwa hospitali.

Basi Muhunda yupo?

Swali la mtoto bado linasubiri. Mzazi anayeamini atajibu kwa imani yake, na asiyeamini atajibu kwa ukweli wake. Lakini wote wawili wanaweza kuongeza maneno haya: "Mle ndani kuna uhai mwingi unaotegemeana, na ukiondoa mmoja wengine wanayumba. Wazee wetu waliuona, wakaupa jina, wakatuambia tusiuguse. Twende Jumamosi kwa bibi, umuulize yeye aliambiwa nini alipokuwa na umri wako."

Bibi ataanza kwa kucheka kidogo. Kisha atavuta kigoda.